Wimbo wa Kushukia Duara

“Pale mama yako anapolia, hapo ndipo vijana wangu wanaposhuka.”

Kwa maneno hayo Marcel alitufungia ukurasa Jumamosi iliyopita, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Dada mmoja wa Kahama alinipigia alfajiri, sauti bado ina usingizi, anataka kujua Scolastika alijibu nini. Alizimia? Alimzaba kibao?

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza kama kuna soda.

Najua inaudhi. Hata mimi ninayeandika iliniudhi, nikataka kumshika mabega nimtikise. Lakini ndivyo alivyo mwanamke huyu kwa miaka mitatu sasa, na siwezi kumpa machozi ambayo hana.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Scolastika Nkwabi ni binti wa Samuye. Lebo moja ya Dar es Salaam ilimchukua akiwa na miaka ishirini na tano, ikamwimbisha muziki wa soul, ule wa taratibu unaotolewa kifuani, ikampa na jina: Malkia wa Hisia. Wimbo wake wa kwanza, “Maji ya Kolandoto”, ulipigwa kila saluni na kila bodaboda. Miezi miwili baadaye mama yake akafariki. Wimbo wa pili ukasuasua, wa tatu haukutoka, lebo ikaacha kupokea simu zake.

Tangu hapo anaimba kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Kila mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akitaka kulifungua watu waanze kushuka, anamwita aimbe wimbo ule ule mmoja. Miaka miwili ameimba bila kujiuliza kwa nini hawataki wimbo mwingine. Jibu amelipata kwa Marcel, mwenye duara mmoja, saa nne asubuhi, kwenye machimbo ya upande wa Ushirombo, pembeni ya shimo lenye kina cha mita arobaini.

Soda ililetwa. Ilikuwa ya moto. Akainywa yote.

*

“Shikamoo, Mama Frank.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Mama Frank, jina la ubatizo Rosemary, ndiye anayewapikia wachimbaji wa Marcel. Alikuwa anasonga ugali wa watu kumi na wawili na hakuacha kusonga.

“Mama, Marcel ana maana gani? Mama yangu analia wapi?”

Mwiko ukasimama.

“Kwani ulikuwa hujui?”

“Sijui nini?”

“Mwisho wa wimbo wako, muziki ukishanyamaza, kuna sauti ya mwanamke. Inavuta hivi, inaguna, inapotea. Wanasema ndiye marehemu. Wanasema ulimtoa kafara ili wimbo upae, na roho yake ikabaki mle ndani. Sasa duara likifunguliwa kwa wimbo huo, eti udongo haumfukii mtu.”

Scolastika alitazama ile chupa tupu. Ndani ya moyo wake alitafuta hasira, akatafuta aibu, akatafuta hata woga. Hakukuta kitu.

“Na wewe unaamini?”

“Mimi napika ugali.” Mama Frank akarudi kwenye sufuria. “Lakini siku ya mazishi hukulia, mwanangu. Hilo Samuye nzima iliona. Ulikuja na miwani ya jua na rangi ya mdomo.”

“Nilitolewa kwenye kurekodi video. Sikupata hata pa kunawa.”

“Sawa. Na machozi?”

“Niliyasubiri yaje. Hayakuja. Hadi leo nayasubiri.”

Mama Frank akaona hadanganywi, akamwonea huruma. Ndipo akashusha sauti.

“Sikiliza. Unaona matimba pale? Magogo ya kushikilia kuta?”

Scolastika akageuka. Shimo lilikuwa wazi mdomoni, udongo mwekundu mtupu, bila gogo hata moja.

“Marcel kasema magogo ya nini wakati wimbo upo. Na jana mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimeenda kumwaga maji ya vyombo kule nyuma, nimekuta ufa. Mkono wangu umeingia mpaka hapa.” Akaonyesha kiwiko. “Ukiimba leo, wataingia humo kwa ajili yako.”

“Na nikiwaambia sauti ile si kitu?”

“Hutaitwa tena duara lolote, kuanzia hapa mpaka Buseresere. Una kazi nyingine?”

“Sina.”

“Basi.” Mama Frank akageuza ugali. “Wa kwanza kushuka ni kijana mgeni, kaja juzi. Mtu wa kwenu Samuye. Anaitwa Abel.”

*

Ndiyo, wasomaji wangu. Abel huyo huyo. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyemgeuzia kisogo kaburini na hajamsemesha tangu siku ile.

Alimkuta amekaa juu ya ndoo, anajifunga tochi kichwani. Amekonda. Ana masharubu sasa.

“Abel.”

“Dada.”

Miaka mitatu, na salamu ikawa hiyo tu.

“Usishuke humo. Hakuna matimba. Nyuma kuna ufa.”

“Nimeuona.”

“Umeuona na unashuka?”

Abel akainua macho. Hayakuwa na chuki, na hilo ndilo lililomshangaza.

“Dada, mimi nilikuchukia sana. Nilisema huyu kamuuza mama. Mwaka mzima nilisema hivyo, hata kwa padri nilisema. Halafu nikaenda Lwamgasa kutafuta maisha, nikakuta wachimbaji wanaupiga wimbo wako. Nikasikia ile sauti ya mwisho. Dada, ni mama. Mimi namjua. Ni yeye kabisa.” Akakaza mkanda wa tochi. “Sasa kama yumo, ataniacha mimi nifukiwe? Mimi, kitindamimba wake? Wengine labda. Mimi haniachi.”

“Sikumuuza mama, Abel.”

“Sijali tena kama ulimuuza. Nataka tu nishuke akiwa ananisikia.”

Mtu mwingine yeyote angempigia magoti. Scolastika alisimama pale mikono inaning’inia, anahesabu matundu ya turubai la Marcel. Alijua mdogo wake anaweza kufa kabla ugali haujaiva. Alijua vizuri sana. Kilichokosekana ni ule mshtuko ambao ungemfanya apige kelele.

Lakini miguu yake ikafanya jambo ambalo moyo haukulifanya. Ikampeleka kwa Marcel.

“Bosi, weka matimba kwanza. Nitarudi kuimba wiki ijayo.”

Marcel ni mtu mnene, mpole wa sura, ana rozari shingoni na hirizi mfukoni. Akacheka.

“Sista, wewe mwimbaji au mhandisi?”

“Sauti ile siyo kafara. Ni makelele ya studio.”

“Basi tuambie inasema nini.”

Hapo akakwama. Kwa sababu, jamani, hakuwahi kuisikiliza. Tangu mazishi hajawahi kuufikisha wimbo ule mwisho. Akishamaliza kuimba huwa anaondoka kwenda kuvua viatu, spika anaiacha ikimalizia yenyewe.

“Nipe nusu saa,” akasema.

“Una dakika ishirini. Mawingu hayo.”

*

Mtandao kwenye machimbo yale unapatikana sehemu moja tu, juu ya kifusi cha mawe. Alipanda hadi kileleni na viatu vyake vya jukwaani, akampigia mtu aliyeapa hatampigia tena.

“Haloo? Skola? Ni wewe?”

Hatibu. Aliyekuwa meneja wake kwenye lebo. Mtoto wa wafanyabiashara wa Shinyanga mjini, ulimi wake mtamu tangu kuzaliwa.

“Hatibu, mwisho wa ‘Maji ya Kolandoto’ kuna sauti. Ya nani?”

“Kwa nini unauliza leo?”

“Hatibu, nina dakika chache.”

“Ya mama yako. Alikuja studio siku ile tunarekodi, unakumbuka? Alikaa pale kwenye kona. Wewe ulipomaliza ukatoka, yeye akadhani tumeshazima mashine, akasema maneno. Fundi akapenda ile sauti. Akaivuta, akaipa mwangwi, akaiweka mwishoni. Wewe hatukukwambia.”

“Na habari za kafara zilianzia wapi?”



“Skola, mdogo wangu, ile ilikuwa kiki.”

Mnaijua kiki. Mtu anazusha jambo mitandaoni ili wimbo usemwe. Wengine wanazusha ndoa, wengine ugomvi. Hatibu alizusha kifo cha mama wa mtu.

“Wimbo wa pili ulikuwa umelala,” alisema haraka haraka. “Nikaona picha zako za mazishi, na ile miwani, hulii. Nikampa maneno jamaa mmoja wa kurasa za udaku. Nilidhani litasemwa wiki moja liishe. Sikujua lingefika machimboni. Wallahi nimelijutia. Nitukane basi.”

Mimi nimemtukana kwa niaba yenu, na mhariri amefuta. Scolastika hakumtukana.

“Unayo ile sauti kabla haijavutwa?”

“Ninayo.”

“Nitumie sasa hivi.”

Faili likaja polepole, kale kaduara kakizunguka kwenye kioo cha simu. Kule chini Telesphori, mwendesha winchi, ile mashine ya kamba ya kushushia watu, alikuwa anaingia nyuma ya turubai kukaa kwenye mashine yake. Akiwa pale Telesphori halioni shimo wala watu. Siku za kawaida anasubiri kengele. Siku ya kufungua duara, Marcel amemwelekeza, asisubiri kengele: akisikia mama analia, aachie kamba.

Faili likafika. Scolastika hakulisikiliza. Alishuka nalo kama lilivyo.

*

“Njooni wote,” aliwaita wachimbaji. “Mnasema mama yangu analia humu. Sikilizeni wenyewe.”

Wakamzunguka kumi na wawili. Marcel akaja, mikono mgongoni. Mama Frank akaacha moto. Scolastika akaunganisha simu na ile spika kubwa, akabonyeza.

Kwanza kelele za kiti. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, safi, karibu, kama yuko pale pale anachambua mboga. Alisema Kisukuma, nami nawaandikia kwa Kiswahili:

“Skola, mwanangu, ukimaliza mpigie Abel. Mwambie afunge mbuzi, mvua inakuja.”

Basi. Hakuna zaidi.

Mchimbaji mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akacheka. Muda si mrefu watu wazima wanashikana mabega: miaka yote hii wanashukia mbuzi! Mmoja akavua tochi yake akaitupa chini. Mama Frank akajifuta macho na kanga, anacheka na analia.

Scolastika alikuwa amemsikia mama yake kwa mara ya kwanza tangu afe. Alisimama akasubiri kitu kitokee ndani yake. Hakikutokea. Aliona tu kwamba watu wamevunja mstari, kwamba Abel ameinuka kwenye ndoo, na akawaza, kazi imekwisha, nitafute usafiri wa kurudi.

“Nyamazeni,” alisema Marcel.

Hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umebadilika, na haukuwa uso wa mtu aliyeshindwa. Ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha.

“Nyie mnacheka nini? Mmesikia mbuzi tu? Huyu mama alisema maneno haya miaka mitatu iliyopita. Kataja mvua. Jana imenyesha nini?”

Akawageukia mmoja mmoja.

“Kataja mtu mmoja. Kati ya watu wote wa dunia hii kataja mmoja, kwa jina.” Akanyoosha kidole. “Wewe unaitwa nani?”

Abel akamtazama dada yake, halafu Marcel.

“Abel.”

“Nani kakuita kwenye duara langu?”

“Hakuna. Nilikuja mwenyewe.”

“Mwenyewe!” Marcel akabusu rozari. “Kaja mwenyewe, juzi tu, na leo dada yake anatuletea jina lake. Sista, nilikuwa nakudhania mwimbaji wa kawaida. Nisamehe.”

Yule aliyetupa tochi aliinama akaiokota, akaivaa.

Jamani, mtanilaumu mimi. Lakini mtu anayetaka kuamini hata umpe nini atakila. Walirudi kwenye mstari mmoja mmoja, bila kucheka tena, na safari hii walimwachia Abel nafasi pana, kwa heshima, kama bwana harusi.

“Abel, alikuwa anaongelea mbuzi,” Scolastika alisema. “Mbuzi tu.”

“Najua,” Abel akajibu. Alikuwa anatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtoto. “Lakini alinitaja mimi.”

*

“Imba,” akaamuru Marcel.

Akaimba. Angefanya nini? Wachimbaji wawili walikuwa wamemfunga Abel kamba ya kiunoni na kumkalisha kwenye ubao, miguu inaning’inia juu ya shimo. Kamba ilipita kwenye roda, kigurudumu kilichoning’inizwa juu yake, ikaenda nyuma ya turubai kwa Telesphori.

Katikati ya ubeti wa kwanza likamjia wazo. Hawashuki mpaka sauti ya mwisho. Na spika imeunganishwa na simu yake.

Alipofika kiitikio cha mwisho, kidole chake kikaurudisha wimbo mwanzo.

Marcel akakunja uso, kisha akatulia. Labda mama kataka uimbwe mara mbili.

Akaurudisha tena. Na tena. Mara ya nne wachimbaji wakaanza kutazamana. Tone la kwanza la mvua likamdondokea mkononi. Nyuma ya shimo kipande cha udongo, kikubwa kama gunia la mkaa, kikajimega na kuanguka ndani, na ilichukua muda kusikika kilipofika chini.

“Mtoeni!” Mama Frank akapiga kelele. “Marcel, una wazimu? Mtoeni mtoto wa watu!”

“Wimbo haujaisha. Hakuna kushuka wala kutoka.”

Scolastika akaurudisha mara ya tano. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini haikuyumba. Aliimba kama anavyoimba siku zote, kila noti mahali pake, macho kwenye matundu ya turubai. Alihesabu. Akifika mara ya kumi labda mvua itakuwa kubwa, watatawanyika wenyewe. Huo ndio ulikuwa mpango wake wote.

Katikati ya mara ya sita, simu ikaisha chaji.

Spika ikakata. Machimbo mazima yakanyamaza, ukasikika ugali unaungua.

Marcel akatazama spika. Akatazama mawingu. Hakujua afanye nini, na Scolastika akaliona hilo, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi ndefu. Bila spika hakuna sauti ya mwisho. Bila sauti ya mwisho hakuna kushuka. Mdogo wake amepona.

“Mfungueni,” alisema Marcel kwa sauti ndogo, kwa uchungu. “Tutafanya kesho.”

Wachimbaji wawili wakaanza kusogea kwenda kumvuta Abel. Hatua sita, saba hivi.

Abel, pale kwenye ubao, akageuza shingo. Mvua ilikuwa imeanza kumlowesha uso, na hakuwa na haraka.

“Dada.”

“Naam.”

“Ile siku hukunipigia.”

“Sikumsikia, Abel. Nilishatoka. Sikumsikia.”

“Hapana, sikulaumu. Nataka tu ujue. Mbuzi nilifunga. Wote. Niliona mawingu, nikafunga mwenyewe.” Akacheka kidogo. “Ukimsikia tena, mwambie.”

Na hapo ndipo kilipokuja.

Hakikuanzia machoni. Kilianzia chini ya mbavu, kikapanda kikiwa na miaka mitatu ndani yake, na studio ile, na kiti kile cha kwenye kona, na mwanamke aliyepanda basi siku nzima kutoka Shinyanga akakaa kimya mpaka mwanawe amalize kuimba ndipo aulizie mbuzi wake. Akaweka mkono mdomoni. Mkono haukukizuia. Malkia wa Hisia akatoa sauti moja ndefu, ya kuguna, ya kuvuta, ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia kwake ila kwenye spika.

Mama Frank alielewa wa kwanza. Aligeuka kukimbilia turubai, na mwiko bado mkononi.

Nyuma ya turubai, Telesphori alisikia mama analia, akaachia kamba.